Tusinunue Mashua za Dukani, Tuunde Zetu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kukuta habari za mashua katika jarida la Chama cha Kiswahili. Hujakosea ukurasa. Mimi ni mwanachama wa vyama viwili, hiki chetu cha lugha na kile cha ufundi kinachokutana karakana kila Jumatano baada ya masomo, na neno ninalotaka kulisema leo linavigusa vyote viwili. Nimemwomba Mhariri nafasi hapa kwa sababu kule karakana misumeno ina kelele, na kila nikiinuka kusema naambiwa niketi.

Neno lenyewe ni hili. Chama cha ufundi kina mradi wa mashua ndogo zinazoongozwa kwa redio. Muhula wa kwanza ujao wanachama watapiga kura kuamua jinsi fedha za chama zitakavyotumika. Wenzetu kadhaa, tena wenye sauti, wanataka zaidi ya nusu ya fedha hizo zinunue mashua mbili za mota zilizo tayari, zile zinazouzwa ndani ya boksi lenye picha ya mawimbi. Unafungua boksi, unatia betri, unabonyeza, chombo kinakwenda mbio. Siku ya Wazazi ikifika tutakuwa na cha kuonyesha. Mimi nasema hapana. Tuunde zetu, hata kama ya kwanza itazama na ya pili itakwenda upande kama kaa.

Kwanza niwaeleze wale wasioujua mchezo huu. Kuongoza chombo kwa redio si jambo geni kama tunavyodhani. Mwaka 1898, miaka mitano kabla ya ndege ya Wright kuruka, mvumbuzi Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo ya namna hiyo katika jumba la Madison Square Garden huko New York, Marekani. Mashua iko majini, mwenyewe amesimama kando na kisanduku chake, na baina yao hakuna waya. Mwaka huohuo alipewa hataza ya uvumbuzi huo. Msingi wake haujabadilika sana hadi leo. Anayeongoza hushika rimoti. Rimoti hutoa mawimbi ya redio, na ndani ya chombo mna kipokezi kinachoyadaka na kuyageuza kuwa amri. Amri huenda kwa sevo, yaani mota ndogo yenye mkono, nayo huuvuta usukani kushoto au kulia. Mashua ya mota huhitaji pia kitu cha kuongeza na kupunguza mwendo wa rafadha. Mashua ya tanga huhitaji sevo mbili tu, moja ya usukani na nyingine ya kuvuta na kulegeza demani, ile kamba inayolitawala tanga. Kazi nyingine yote hufanywa na upepo. Mimi napenda ya tanga. Betri yake haiishi upesi na hakuna rafadha ya kumkata mtu kidole. Lakini hayo ni mapenzi yangu, simlazimishi mtu.

Sasa turudi kwa boksi. Mwaka jana mwanachama mmoja alileta mashua ya mota aliyoletewa na mjomba wake kutoka ng'ambo. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, na ilikwenda kasi ajabu. Jumamosi ya kwanza nusu ya shule ilijaa kando ya birika la maji ya mvua nyuma ya karakana. Jumamosi ya pili ikapelekwa pwani, watu wakapungua kidogo. Jumamosi ya tatu ikasimama katikati ya maji, kimya. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya pale mhimili wa rafadha unapotokea nje. Tulipoifungua tulikuta kipokezi, kidhibiti cha mota na kila kitu kingine vimechomelewa kwenye bodi moja ndogo kama kiberiti, imeota kutu ya kijani. Hapakuwa na cha kubadilisha wala cha kutengeneza. Sasa inakaa juu ya kabati, inakusanya vumbi la mbao.

Simlaumu mwenzetu. Alitupa raha, Mungu amjalie. Lakini hebu jiulize, katika zile Jumamosi tatu nani alijifunza nini? Mmoja alishika rimoti. Sisi wengine, kama arubaini hivi, tulisimama tukisema, "Nami kidogo! Nami kidogo!" Tukinunua mbili, watashika wawili. Hiyo ndiyo hesabu ya wenzetu wenye sauti, na naomba wanichambulie, maana mimi naona chama cha ufundi kitageuka kuwa chama cha kupiga foleni.

Muhula wa pili sisi wanane tuliunda ya kwetu. Ilikuwa ya plaiwudi, urefu sentimita 60, upana sentimita 10, nyembamba kama samaki. Viungo tuliviziba kwa gundi ya mirija miwili na unga wa mbao. Mfumaji wetu wa tanga ni mvulana wa Kidato cha Pili ambaye mamake ni mshonaji, na anayeshika chuma cha kuchomelea nyaya bila kutetemeka ni msichana, basi wale mnaopenda kugawa kazi kwa kutazama sketi na suruali mmepitwa. Kabla ya kukitia chombo majini tulikipima kwenye mizani ya maabara ya fizikia. Pamoja na betri na sevo zake kilikuwa kilo 1.25.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Kila mtu hapa shuleni amekariri kanuni ya Archimedes, kwamba kitu kinachoelea husukuma kando maji yenye uzani sawa na wake. Tumeikariri, tumeijaza mtihanini, tumeisahau. Sasa ikawa lazima tuitumie. Chombo cha kilo 1.25 lazima kisukume lita 1.25 za maji ya birika. Katika maji ya bahari, ambayo lita moja ina uzani wa kilo 1.025 hivi, kitasukuma pungufu kidogo, ndiyo maana chombo huelea juu zaidi baharini kuliko mtoni. Tukapiga hesabu ya umbo, tukachora mstari wa penseli ubavuni pale tulipokadiria maji yatafika. Tulipokitia birikani maji yakapanda, yakapanda, yakasimama karibu sana na penseli. Mwenzangu mmoja, ambaye fizikia humtoa jasho hata asubuhi ya Julai, alipiga ukelele: "Ala! Kumbe ni kweli!" Miaka miwili na nusu alikuwa ameimeza kanuni hiyo kama klorokwini.

Kisha tukacheza na uzani. Tulichukua chubwi za wavuvi, zile risasi za kuzamishia mshipi, jumla gramu 400. Mara ya kwanza tulizilaza chini kabisa, juu ya mkuku. Ukikisukuma chombo kwa kidole kinainama, ukikiachia kinarudi wima. Mara ya pili tulizifunga chubwi zilezile juu ya kibao, sentimita 12 kutoka chini. Chombo ni kilekile, uzani ni uleule, mstari wa maji ni uleule. Kikaguswa kidogo tu, kikalala ubavu, hakikurudi. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, ila uzani umepanda juu. Mara ya tatu tulirudisha chubwi chini, tukamwaga nusu kikombe cha maji ndani ya chombo. Kikawa mlevi. Kikiinama kidogo maji yote yanakimbilia upande ule ule wa kuinama, yanakiongezea.

Hakuna aliyecheka mara hii. Sisi tunaosoma upande huu wa Likoni hatuhitaji kuambiwa kwa nini. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, na watu 272 wakafariki. Sisi hatukuwa tumezaliwa, lakini wapo miongoni mwetu wenye babu au shangazi ambaye jina lake hutajwa kila Aprili. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Mwezi wa Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ziwa lilo hilo. Katika maafa yote matatu kulitajwa neno moja, kujaza.

Sisemi kwamba mashua ya plaiwudi ingewaokoa watu wale. Hiyo ingekuwa kufuru. Ninalosema ni kwamba sisi huvuka kwa feri, huenda visiwani kwa mashua, na wengine wetu wazazi wao ni wavuvi. Siku moja utakuwa ndani ya chombo kilichojaa, watu wa juu wamesimama, maji yamo chini, kisha mtu apige kelele "Tazameni pomboo!" na wote wakimbilie upande mmoja. Aliyewahi kukisogeza kile kibao cha chubwi kwa mkono wake ataketi, na atamvuta mwenzake chini aketi. Mashua ya boksi haiwezi kukufundisha hilo, kwa sababu uzani wake umekwisha kupangwa na mtu mwingine, kiwandani, na mfuniko umefungwa kwa skrubu.

Wapo waliokubali kwamba tuunde, lakini wakataka tuunde jahazi kamili, kila kipimo kiwe moja kwa kumi ya jahazi la kweli, na milingoti yake na kila kitu. Ni wazo zuri kwa kuweka dirishani. Majini litalala. Nitajaribu kueleza bila kuwachosha, na walimu wa fizikia watanisahihisha. Ukipunguza kila kipimo mara kumi, eneo la tanga linapungua mara mia, na kimo chake kutoka majini kinapungua mara kumi. Basi nguvu ya upepo ya kukiangusha chombo inapungua mara elfu moja. Lakini uzani wa chombo unapungua mara elfu moja, na ule upana unaokiwezesha kujiinua unapungua mara kumi. Basi nguvu yake ya kujiinua inapungua mara elfu kumi. Upepo haukupunguzwa, ni kusi lilelile. Chombo kidogo kinabaki dhaifu mara kumi mbele ya upepo ule ule ambao jahazi la kweli linaucheka.

Waundaji wa nchi nyingine wanalijua hili. Ipo aina moja ya mashua ndogo za mashindano inayoitwa International One Metre. Kiwiliwili chake hakizidi mita 1, chombo kizima hakipungui kilo 4, na zaidi ya nusu ya uzani huo uko chini kwenye ubao mrefu uliosimama majini, na donge la risasi mwishoni mwake. Yaani sehemu kubwa ya chombo ni kile usichokiona. Nasi tunaweza kufanya hivyo. Ila risasi ni sumu, na naomba mtu yeyote asijaribu kuiyeyusha jikoni kwa mpishi. Chubwi zilizokwisha kufuliwa zinatosha, au bolti nzito za chuma.

Lakini kuna njia nyingine, na hii ndiyo inayoniuma kwa kutotajwa hata mara moja katika mikutano yetu. Ngalawa! Watu wa pwani hii waliutatua ugumu huo zamani bila kipande cha risasi. Kiwiliwili chembamba, na ndubi mbili, moja kila upande, zimeshikwa kwa boriti. Upepo ukikilaza chombo, ndubi ya upande wa chini inakataa kuzama na kukiinua. Badala ya uzani chini, upana pembeni. Ngalawa ndogo ya mita moja itasimama vizuri, tena haina ubao mrefu wa kukwama kwenye mwamba maji yakipwa. Huku kwetu, ambako bahari hutoweka kila siku mara mbili na kuacha matope, hilo si jambo dogo. Mbona hakuna aliyependekeza ngalawa? Nadhani ni kwa sababu haiuzwi ndani ya boksi.

Lina tatizo lake, sitaki kuficha. Tanga la ngalawa, kama la jahazi, hutundikwa kwenye foromali, na ukitaka kulihamisha upande wa pili wa mlingoti inabidi mtu aipitishe foromali mbele ya mlingoti. Sevo haina mikono ya baharia. Kwa hiyo foromali ya chombo chetu itabaki upande mmoja, na ngalawa itakwenda vizuri zaidi upepo ukitoka upande mmoja kuliko upande mwingine. Labda kuna mtu wa Kidato cha Pili atakayebuni kamba ya kuipitisha. Nitafurahi kumpigia makofi.

Tulipoanza kazi tulimwalika fundi mmoja wa mashua, mzee wa makamo ya babu zetu, aje atutazamie. Tulimwamkia, akaitikia, akaizunguka meza mara mbili mikono mgongoni. Kisha akasema, "Wanangu, hili mulilounda ni sanduku la posta. Omo liko wapi, na tezi iko wapi?" Tukatazamana. Akauliza tena, "Na farumi mumetia wapi?" Kimya. Wanafunzi wanane, wote tunapata alama nzuri za Kiswahili, wawili tumo katika chama hiki, na hakuna aliyejua kwamba omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na farumi ndio uzani unaowekwa chini kukiimarisha. Kitu chenyewe tulikuwa nacho mkononi. Jina lake ndilo hatukuwa nalo.

Hapa ndipo linapoingia suala la lugha, na ndipo ninapowageukia ninyi wa Chama cha Kiswahili. Tulikuwa na kitabu cha maelezo cha Kiingereza, na mwenzetu mmoja alisema mbele ya mkutano ati Kiswahili hakina istilahi za mambo haya, kwa hiyo tuandike daftari letu kwa Kiingereza. Lahaula! Lugha ambayo imekaa baharini karne na karne ikose neno la kuita uti wa mgongo wa mashua? Uti huo ni mkuku. Mbavu zake ni mataruma. Kuziba nyufa kwa pamba na mafuta ni kukalafati. Upande unakotoka upepo ni joshini, upande unakoelekea ni demanini. Kwenda mbele kwa kukata upepo huku na huku ni kubisha. Hata usukani wa matatu uliotoka majini huko, na ukisema rais ameshika usukani unasema lugha ya mabaharia bila kujua. Nahodha wa timu yetu ya kandanda naye hajawahi kuonja maji ya chumvi, ila cheo chake kilitoka chomboni.

Maneno tunayokosa ni ya redio tu, nayo tuyaazime bila haya: rimoti, sevo, mota, betri. Mzee fundi mwenyewe alipoiona sevo ikigeuza usukani alicheka akaiita "baharia mdogo." Mimi nalipenda jina hilo, lakini najua mtihanini litakatwa.

Ombi langu kwa chama hiki ni kwamba mtu wetu mmoja akae karakana kila Jumatano na kalamu, aandike majina ya vitu vyote vya chombo kama mafundi wanavyovitamka, kwa lahaja zao, Kimvita, Kiamu na hata Kivumba. Wale mafundi si vijana. Nani ajuaye, huenda daftari hilo likachapishwa katika jarida lijalo, nasi tukaacha kujaza kurasa kwa vitendawili ambavyo kila mtu amekwisha kuvisikia. Samahani, Mhariri.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana si za kijinga. Wanasema mashua ya dukani huvutia wanachama wapya. Kweli. Iliwavutia arubaini wiki ya kwanza, na wiki ya nne walikuwa wamerudi kucheza kandanda. Wanasema muda hatuna, mitihani inatukodolea macho. Tuna Jumatano moja kwa wiki, na hiyo tunayo hata tukinunua. Tofauti ni kwamba aliyenunua atafanya nini Jumatano mvua inaponyesha? Anayeunda ana msasa wa kupiga. Wanasema chombo chetu kitakuwa kibaya mbele ya wazazi. Huenda. Mzazi wangu mimi angefurahi zaidi kuona kibaya nilichokiunda kuliko kizuri kilichoundwa na kiwanda, ila sijui wa wengine.

Hoja yao moja naikubali kabisa. Redio hatuwezi kuunda karakana. Basi tununue redio, si mashua! Rimoti moja nzuri ya chaneli kadhaa, vipokezi viwili, sevo nne. Vitu hivyo ni vipande mbalimbali, kila kimoja unaweza kukichomoa na kukitia katika chombo kingine. Kiwiliwili kikivunjika, unaunda kingine na kuhamisha. Rimoti za siku hizi hutumia masafa ya 2.4 GHz na hujitafutia nafasi zenyewe. Zamani nyingi zilitumia 27 MHz, kila mtu na kristali yake, na wawili wakiwa na masafa mamoja, chombo cha mmoja kilimtii mwingine. Ndiyo maana walikuwa wakifunga kitambaa cha rangi kwenye erio, kahawia, nyekundu, manjano na kadhalika, ili watu wajuane. Wimbi la zamani lilikuwa na urefu wa mita 11 hivi, la sasa ni sentimita 12 na nusu. Erio imekuwa fupi, lakini wimbi hili halipiti majini, hasa maji ya chumvi, kwa hiyo kipokezi kikae juu iwezekanavyo, si chini kwenye ngama pamoja na farumi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mtu atataka kukificha chini kisionekane.

Vifaa vya kiwiliwili vitapatikana bila fedha nyingi. Huko Lamu mafundi waliunda mashua nzima ya mita 9 kwa plastiki iliyookotwa na kutumiwa upya, wakaivika ndara zilizotupwa kama 30,000 hivi. Inaitwa Flipflopi. Ilishushwa majini mwaka 2018, na mapema 2019 ikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Ikiwa mashua ya kubeba mabaharia imetoka kwenye takataka za ufukoni, ngalawa yetu ya mita moja itatushinda? Ndara hukatwa vizuri kwa kisu kikali na huelea hata ikitoboka, inafaa sana kwa ndubi. Watoto wa pwani wamekuwa wakiunda vyombo vya ndara, na vya karara la mnazi kabla ya ndara, bila kuwa na mwalimu mlezi wala katiba ya chama.

Kuhusu mahali pa kuendeshea, birika linatosha kwa kupima, lakini ni dogo kwa tanga. Pwani twende siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mpole, si siku za bamvua ambapo maji yatakibeba chombo hadi Kilindini na rimoti yako mkononi. Tusimame ufuko ambao upepo unauelekea, ili betri ikifa chombo kisukumwe kuturudia. Mtu yeyote asiogelee kukifuata. Chombo kinaundwa tena. Tukitoka tukisuuze chote kwa maji baridi, hasa sevo. Na zile betri nyepesi za lithiamu zisichajiwe usiku bwenini chini ya kitanda. Zikijeruhiwa au zikichajiwa vibaya hushika moto, na blanketi ni kuni.

Kura itapigwa Jumatano ya kwanza ya muhula wa kwanza, saa kumi alasiri, karakana. Wanaotaka mashua za boksi waje na bei yao imeandikwa, nami nitakuja na ya rimoti, vipokezi na sevo, tuziweke ubaoni pamoja mbele ya mwalimu mlezi. Ambao si wanachama hawana kura, lakini wanaweza kuleta ndara zilizokatika. Kuna gunia nyuma ya mlango. Na yeyote aliyeichukua ile mizani ya maabara kutoka karakana kabla hatujairudisha, tafadhali aipeleke kwa mwalimu wa fizikia, ameshaiulizia mara mbili.